Zofia wa Ta Datius

Kwa miaka ishirini na minane Ta Datius, yaani Mzee Datius Karugendo, alikuwa tarishi wa Boma la Bukoba, na katika miaka hiyo yote hakupoteza hata barua moja. Watu wa Kaagya walilijua jambo hilo kama walivyoijua njia ya kwenda kisimani, kwa sababu mwenyewe hakuwapa nafasi ya kulisahau. Alikuwa na kisa chake cha mvua ya Kamachumu, siku alipoanguka na baiskeli kwenye daraja la magogo akajikuta ndani ya mto, mkono mmoja ukipiga maji na mwingine umeinua bahasha ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, juu ya kichwa. Alifika alikotumwa amelowa kama kambale, bahasha ikiwa kavu. Baadaye aliambiwa kwamba ndani yake mlikuwa na orodha ya mbegu za maua. Kwake yeye hilo halikupunguza kitu.

Uhuru ulipokuja, wakoloni waliondoka, benchi la matarishi likabaki palepale nje ya mlango, na Datius akabaki juu yake. Kwenye benchi lile alijifunza serikali kuliko wengi waliokaa ndani. Alijua kwamba karatasi isiyo na muhuri ni kama jembe lisilo na mpini. Alijua kwamba mtu anayekaa kimya muda mrefu mbele ya mlango wa ofisi mwishowe husikilizwa, ili aondoke. Na alikuwa na mwiko mmoja: hakutia sahihi yake chini ya neno lisilo la kweli. Wenzake walimcheka, lakini kila palipotakiwa shahidi wa kuaminika aliitwa Datius.

Alistaafu mwaka 1971 akarudi kwenye kibanja chake, migomba na mibuni, kwa mkewe Klaudia. Kazi moja tu hakuiacha. Kigango chao cha kanisa kilikuwa na sanduku la posta mjini, na ufunguo wa sanduku hilo ulining'inia shingoni mwake pamoja na medali ya Bikira Maria. Jumanne na Ijumaa alipanda baiskeli akawaletea watu barua zao. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika ufunguo ule.

Yeye na Klaudia Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Felicitas. Alikuwa na akili za kutisha. Masista walimsomesha, kisha serikali ikampeleka Polandi kusomea mifugo, akakaa huko miaka mitano. Aliporudi mwaka 1972 alipangiwa kazi wizarani Dar es Salaam. Alikuja nyumbani wiki mbili tu, na hata wiki hizo hakutulia. Mara kwa mara alihesabu siku, na mama yake alipomuuliza ana haraka ya nini, alijibu kwamba kuna mtu wake amemwacha kwa rafiki na huenda hali chakula vizuri. Wazazi waliyasikia maneno hayo wakayaweka.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa kumi mwaka 1973, Datius alikuta posta telegramu yenye jina lake mwenyewe. Aliisoma mara tatu pale dirishani, akaikunja, akaendesha baiskeli hadi nyumbani bila kusalimiana na mtu. Ilisema: NJOO DAR UPESI UMCHUKUE ZOFIA JOTO LITAMUUA BARUA YAFUATA FELICITAS.

Klaudia alimtaka airudie. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu kilisimama hewani.

"Zofia ni nani?" aliuliza.

Datius alisema telegramu haikueleza. Labda ni rafiki yake, Mzungu wa huko, amekuja kutembea.

"Mtu mzima hachukuliwi," Klaudia alisema. "Mtu mzima huambiwa njoo."

Kila mmoja alikumbuka mtu yule aliyeachwa kwa rafiki na ambaye huenda hali vizuri. Halafu Klaudia akalia, ila si kwa muda mrefu. Alilia kwa ajili ya ndoa isiyofungwa, kwa ajili ya padri na maneno ya watu. Alipomaliza alijifuta uso, akainuka, akaenda kutafuta kitambaa. Jumamosi yote cherehani iliimba. Kwa kuwa telegramu haikutaja umri, alishona magauni matatu ya ukubwa tofauti, yote yenye maua. Datius naye, aliyekuwa ameapa kumkaripia binti yake, alionekana nyuma ya nyumba akijaribu kimyakimya kulitamka jina lile, Zofia, Zofia, ili asije akalikosea mbele ya mwenyewe.

Siri hiyo Klaudia hakumwambia mtu, isipokuwa jirani yake Verdiana, baada ya kumwapisha. Verdiana alikuwa kiongozi wa kwaya. Kufika Jumapili jioni, sauti zote nne zilikuwa na habari.

Datius alipanda meli hadi Mwanza, kisha treni, akiwa na kopo la samli, mkungu mdogo wa ndizi, blanketi la mtoto na magauni matatu. Alianza safari akiwa na hotuba ya hasira kichwani, lakini kila kituo cha reli kilimpunguzia sentensi moja. Behewani mwake mlikuwa na mama mmoja wa Shinyanga mwenye mtoto mchanga, na kila treni iliposimama mama yule alishuka kununua karanga au maji, akimwachia Datius mtoto. Mwanzoni Datius alimshika kama faili lililolowa. Walipofika Morogoro alikuwa anamrusha na kumdaka, na hotuba ilikuwa imekwisha yote. Kilichobaki kilikuwa hamu tu ya kumwona mjukuu wake.

Felicitas alikuwa akikaa Ilala, kwenye vyumba viwili vya nyumba ya wafanyakazi wa serikali. Alimpokea baba yake kwa magoti mawili chini, kama alivyolelewa, akamvua koti, akampa maji. Datius alikuwa amepanga kunywa chai kwanza, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka.

"Yuko wapi?"

"Amelala, tata. Mchana kutwa analala, usiku ndiyo saa yake ya kucheza."

Datius alitabasamu. Felicitas mwenyewe alikuwa vilevile utotoni. Akauliza umri wake.

"Miaka mitatu. Ila ni mdogo, usishtuke. Kwao wote ni wadogo hivyo."

"Na baba yake?" Swali hilo alikuwa ameapa kutoliuliza hadi kesho yake, lakini ulimi ulimtangulia.

"Baba yake walimfanya kola ya koti," Felicitas alisema, akiendelea kumimina chai.

Datius alidhani kukaa ughaibuni kumeharibu Kiswahili cha binti yake. Alipoinuliwa na kupelekwa chumba cha pili aliingia kwa kunyata, blanketi mkononi. Hapakuwa na kitanda cha mtoto. Sakafuni palikuwa na kizimba cha waya kilichowekwa juu ya beseni la barafu, barafu ile inayouzwa kwa wachuuzi wa samaki, na ndani ya kizimba kitu cha rangi ya majivu kimejikunja kama bonge la pamba. Felicitas alifungua, akakitoa, akakiweka viganjani mwa baba yake. Kilikuwa na masikio makubwa membamba, macho meusi ya mviringo, masharubu marefu na mkia wenye manyoya. Manyoya yake yalikuwa laini hata vidole vya Datius havikujua kama vimegusa kitu.

Datius aliangalia nyuma ya kizimba kuona kama kuna kingine.

"Huyu ndiye Zofia?"

"Ndiye, tata."

Akaketi kitandani, Zofia mapajani, akavuta mfuko wake akatoa magauni, moja baada ya jingine, akayatandika juu ya shuka. Felicitas aliyatazama, akaelewa, na kwa bahati mbaya akacheka. Kisha akauona uso wa baba yake, akaacha.

Jioni hiyo alieleza. Huko Polandi alikuwa amefanya mazoezi ya kazi katika shamba la wanyama hao waitwao chinchila, ambao asili yao ni milima mirefu ya Amerika ya Kusini, na ambao hufugwa kwa ajili ya ngozi za makoti. Huyu alizaliwa na doa mgongoni, ngozi yake haikufaa kuuzwa, na bibi mwenye shamba, aliyeitwa Zofia, alimpa Felicitas kama zawadi. Katika majira ya baridi, wenzake walipokwenda kwao, chumbani hapakuwa na kiumbe kingine cha kuongea naye. Alimleta Tanzania na cheti chenye mihuri minne. Lakini chinchila hajui kutoka jasho. Joto likizidi anajilaza tu, masikio yanakuwa mekundu, basi. Na sasa wizara ilikuwa inampeleka Felicitas Dodoma miezi sita, kwenye vijiji vipya vya ujamaa, akaangalie mifugo ya watu waliohamishwa. Angekuwa juu ya lori na ndani ya hema. Palipokuwa na baridi ya kumfaa Zofia, alipopajua yeye, ni nyumbani tu.

"Yote haya niliyaandika, kurasa nne," alisema. "Barua itakuwa imefika sandukuni tangu wiki iliyopita."

Datius alijigusa kifuani. Ufunguo ulikuwepo.

Felicitas alimwomba radhi, akasema akitaka kukataa ni haki yake, atatafuta mtu mwingine. Datius alimtazama binti yake, amekonda, vidole vimechubuka kwa kupasua barafu, akasema ameitwa kuja kuchukua, atachukua. Kwa treni haikuwezekana, maana Tabora peke yake ingemmaliza yule mnyama. Felicitas alikuwa ameshakata tiketi ya ndege, kwanza hadi Mwanza, kisha ndogo hadi Bukoba. Datius, aliyekuwa hajawahi kupanda hata juu ya paa la nyumba yake bila kushikiliwa ngazi, aliitikia kwa sauti ndogo.

Lakini Bukoba palikuwa na mtu anayesubiri, na huyo ilibidi ajulishwe. Datius alikwenda posta kuu na karatasi ya telegramu. Aliandika ZOFIA SI MTOTO, akafuta, kwa kuwa sentensi hiyo ingezua maswali ambayo angekuwa mbali asiweze kuyajibu. Aliandika ZOFIA NI MNYAMA, akaona karani anamsomea begani, akafuta. Mwishowe aliandika: NAKUJA NA ZOFIA IJUMAA KWA NDEGE. Kila neno lilikuwa la kweli. Hata hivyo alitoka pale akitembea kama mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji.

Ijumaa alfajiri Felicitas aliwasindikiza kiwanjani, Zofia akiwa kwenye kikapu chenye kifuniko, na kila upande chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zimefungwa khanga. Alimbusu mnyama kwenye kipaji cha uso, akapiga magoti kwa baba yake, akakimbilia lori lake. Datius alipanga foleni ya ukaguzi.

Mkaguzi wa mifugo alikuwa kijana anayeitwa Uledi, mstaarabu, mwenye orodha iliyopigwa chapa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, mbwa, paka, sungura, kuku na jamii yake. Alifunua kikapu, akafunika, akafunua tena. Akasema kwa masikitiko kwamba panya hapandi ndege. Datius alieleza kwamba si panya, ni chinchila, akatoa cheti cha Kipolandi. Uledi aliigeuza karatasi pande zote akauliza imeandikwaje.

"Mihuri naifahamu," Datius alisema. "Maneno siyafahamu."

Uledi alikuna kichwa. Alikuwa na huruma, na nyuma foleni ilikuwa inarefuka. Akainama karibu.

"Andika sungura, mzee wangu. Sungura ninaye kwenye orodha."

"Lakini si sungura."

"Najua si sungura. Ninakusaidia."

Datius alimshukuru, akamwambia hawezi. Akatafuta benchi akaketi, kikapu magotini, akingoja serikali ichoke kama ilivyochoka siku zote. Ila jua la Dar es Salaam halikuwa tarishi wa kungoja. Lilipanda, likaingia kwa dirisha, likafika kwenye viatu vyake. Abiria wa Mwanza waliitwa mara ya kwanza. Datius alifunua kikapu kidogo. Zofia alikuwa amejinyoosha ubavu, mdomo wazi, na masikio yale membamba yameanza kuwa mekundu kama bua la mtama.

Aliinuka. Alikwenda mezani, akachukua kalamu ya Uledi, na kwa mwandiko ule mzuri aliofundishwa na Mapadri Weupe akaandika: sungura mmoja. Akatia sahihi. Mkia wa herufi ya mwisho ulivuka mstari. Uledi aligonga muhuri haraka kabla mzee hajabadili nia.

Ndani ya ndege aliketishwa karibu na bwana mmoja wa chama, mwenye suti ya mikono mifupi na mkoba wa ngozi. Mhudumu alisoma kibali, akasema sungura akae miguuni. Ndege iliponguruma Datius alifumba macho, akasali Salamu Maria zote alizozijua na mbili alizozitunga. Alipoyafumbua, ardhi ilikuwa imeshuka chini kabisa, na mawingu yako upande ambao hayapaswi kuwapo. Akatazama kikapuni. Kule juu, hewa ilivyokuwa ya baridi, Zofia alikuwa ameamka, amekaa wima, ameshika bua la nyasi kwa mikono miwili kama mtu anayepiga zumari.

Datius naye akaanza kujisikia nafuu. Alikuwa hata amepokea chai, wakati barafu ya chupa mbili, zilizokuwa zimepasuka kwa kugandishwa, ilipoyeyuka. Khanga zililowa, kikapu kikavuja, na maji yakatambaa polepole sakafuni hadi kwenye viatu vyeusi vya bwana wa chama. Bwana yule alitazama viatu, akamtazama mzee, akageuza uso kwa heshima. Baadaye kidogo alimwita mhudumu akamnong'oneza, na mhudumu akamwinamia Datius akamuuliza kwa upole sana kama babu angependa kuonyeshwa choo. Datius alielewa. Kueleza kungehitaji kufunua kikapu, na kufunua kikapu kungeonyesha sungura mwenye mkia. Akasema ahsante, hahitaji, na akabeba aibu ile hadi Mwanza.

Lakini ile nyingine, ya kutia sahihi uongo, ilimshinda. Mwanza, wakisubiri ndege ndogo, mkaguzi mnene aliyechoka alipita akiangalia vibali. Alitazama cha Datius, akamrudishia, akaendelea na wengine. Datius alimfuata.

"Bwana mkubwa, ile karatasi ina uongo. Huyu si sungura."

Mkaguzi aligeuka. "Mzee, nani amekuuliza?"

Datius alikiri kwamba hakuna aliyemuuliza. Akafunua kikapu. Mkaguzi alitazama ndani muda mrefu, akatazama saa yake, akatazama ndege ndogo iliyokuwa inapakiwa. Akasema akianza kuandika kibali upya, mzee atalala Mwanza wiki nzima pamoja na hicho alichonacho. Datius alisema yuko tayari, ila mnyama hayuko tayari. Hapo mkaguzi alichukua kalamu, na mbele ya neno sungura akaongeza: mwenye mkia mrefu. Akagonga muhuri. Datius alisoma, akaona ukweli umesogea karibu, japo haujafika. Aliona isingekuwa adabu kudai zaidi.

Kiwanja cha Bukoba kipo ukingoni mwa ziwa, na kutoka angani Datius aliwaona kabla hawajamwona. Walikuwa wamesimama kando ya uzio, wanawake kama ishirini, na majani ya migomba mikononi. Kwaya yote. Mbele yao Klaudia, amevaa gomesi, gauni lake refu la Pasaka.

Alishuka ngazi, kikapu mkononi. Verdiana alianzisha wimbo wa kupokea mtoto, na sauti nyingine zikaingia. Klaudia hakuimba. Alikuwa anaangalia nyuma ya mume wake, kwenye mlango wa ndege, ambako abiria walishuka mmoja mmoja hadi rubani akashuka na kofia yake, na mlango ukafungwa.

"Mtoto yuko wapi?"

Datius alijaribu hotuba aliyoitunga toka Mwanza. Haikutoka. Akasema, "Yumo humu."

Klaudia aliinua kifuniko kidogo akachungulia. Wanawake walikuwa kwenye ubeti wa pili. Datius alikuwa amemwona mkewe katika misiba na katika njaa, lakini uso ule hakuwahi kuuona. Kisha Klaudia akakirudisha kifuniko taratibu, akachukua kikapu kutoka mkononi mwa mumewe, akakikumbatia kifuani, akawageukia wenzake.

"Amelala," alisema. "Safari imemchosha. Mtamwona siku nyingine."

Akakibeba vile hadi kwenye basi la Kaagya, na kwaya ikawaimbia njia nzima.

Kwa siku tisa Klaudia hakumsemesha Datius. Alimwambia mambo kwa kupitia kikapu. "Zofia, mwambie babu yako chakula kiko mezani." "Zofia, muulize babu yako kama anangoja mimi nikachume kahawa." Kwa njia hiyo, bila kukusudia, aliongea na mnyama yule siku nzima kuliko alivyoongea na mtu yeyote, na Zofia, aliyezoea kusemeshwa, alisimama kwa miguu ya nyuma kila alipomsikia. Datius alikwenda mjini, akafungua sanduku, akaleta kurasa nne. Akamsomea mkewe kwa sauti. Klaudia alisikiliza akiwa amempa mgongo, lakini aliposikia kwamba mnyama haogi maji, huoga vumbi laini, alikwenda mwenyewe kwenye kichuguu nyuma ya kibanja, akachimba udongo, akauanika, akauchekecha kwa chekecheke lake la unga.

Verdiana ndiye aliyeifumania siri. Alikuja na mayai ya zawadi bila kupiga hodi, akakuta kwenye beseni la vumbi kitu kinabiringika na kurusha miguu, na Klaudia amechuchumaa pembeni anakisifu. Verdiana aliweka mayai chini. Aliuliza mtoto yuko wapi. Klaudia akamwonyesha beseni. Verdiana alitazama, akatazama tena, na midomo yake ikaanza kucheza. Klaudia akamwambia kwamba kama anacheka acheke hapa, amalize, asiende kuchekea njiani. Basi Verdiana akacheka hadi akaketi chini, na katikati ya kicheko kile Klaudia naye akashindwa kujizuia. Siku ya kumi alimwambia Datius moja kwa moja kwamba suruali yake ina tundu.

Watu walikuja kumwona Zofia kama wanavyokwenda kumwona mgonjwa, na vitu mkononi. Wengine walileta nyasi kavu za rweya, uwanda wa malisho, ambazo alizipenda. Mmoja alimletea senene wa kukaanga, ambao hakuwataka, na Datius alilazimika kuwala ili mgeni asivunjike moyo. Swali lilikuwa moja siku zote, kwamba ataliwa lini. Datius alitubu habari za sungura kwa padri, na padri, ambaye hakuelewa dhambi hiyo hata alipoelezwa tena, alimpa malipizi ya kumleta huyo mnyama parokiani aonekane.

Felicitas alikuja Krismasi, mweusi kwa jua la Dodoma. Alimkuta Zofia mnene, anang'aa. Alimshukuru mama yake, akaanza kucheka kuhusu telegramu, akidhani jambo limeshakuwa kisa cha kusimulia. Klaudia alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua sauti.

"Wewe unacheka. Mimi nilikuwa nimeshampenda."

"Nani, mama?"

"Yule mtoto. Siku kumi na nne nilikuwa na mjukuu. Nilijua hata atakapolala."

Felicitas aliacha kucheka. Alisogea, akaketi mkekani karibu na mama yake, akaanza kuchambua maharage pamoja naye, wakachambua debe zima. Kabla hajarudi kazini alimwomba mama yake magauni yale. Klaudia alimpa mawili. La tatu alisema linafaa kufunika kizimba upepo wa ziwa unapokuwa mkali.

Zofia hakurudi Dar es Salaam. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa mitano. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Amini yalipovuka mpaka na watu wakaanza kukimbia kuelekea kusini, Datius na Klaudia walitembea na wengine hadi Muleba, wakafikia Kishanda kwa Celina, dada yake Klaudia. Datius alibeba blanketi na hati za kibanja. Klaudia alibeba kikapu kichwani, na ndani ya mtandio wake fungu la nyasi. Sufuria zake nzuri zilibaki. Celina alipoona kilichomo kikapuni alidhani dada yake amepata kichaa cha vita, akamlaza mapema.

Walikaa Kishanda miezi kadhaa. Nyasi za huko zilimkubali Zofia kuliko hata za Kaagya, na wenyeji, waliokuwa na hofu ya kila siku na redio, walikuja jioni uani kwa Celina kumtazama anavyooga vumbi. Datius aliwasimulia juu ya ndege. Walitaka kujua mtu anaona nini kule juu, na yeye aliwaambia kwa uangalifu, bila kuongeza, kwamba aliona mawingu kwa upande wa mgongoni, na kwamba chai ilikuwa ya uvuguvugu. Hawakuridhika. Mzee mmoja alimwomba aongeze kidogo tu, maana hakuna atakayekwenda kuhakikisha. Datius alifikiri sana, kisha akasema sukari ilikuwa vijiko viwili.